Injini ya 5A kwa laki nane na ishirini

Taa ya oili iliwaka mara mbili kati ya Magu na Kisesa, na mara zote mbili nikajiambia ni waya tu. Nilikuwa natoka mnadani, nyuma nimepakia marobota ya mitumba yaliyobaki, giza linaingia. Nilipokaribia Igoma, Mwanza, ukaanza mlio: ko-ko-ko, unazidi kila nikikanyaga mafuta. Nikaweka pembeni na kuzima. Dereva wa daladala aliyesimama kunisaidia alisikiliza nilipowasha tena kwa sekunde mbili tu, akasema, "Kaka, zima. Imenoki." Yaani injini imekosa oili, vyuma vya ndani vimelana.

Gari yangu ni Carina Ti, injini 5A-FE, silinda nne, cc 1498. Ndiyo inayonipeleka minadani, ndiyo ada ya watoto. Injini ya mtumba kutoka Japani niliambiwa milioni moja na laki sita, nayo unaichukua hivyo hivyo, hujui ilikotoka. Mimi nilikuwa na laki sita. Mke wangu akaongeza laki mbili na nusu, fungu lake la kikoba. Hela ya kikoba hairudishwi kwa maneno, kwa hiyo tangu siku hiyo kila shilingi niliitoa kwa kuuliza mara mbili.

Fundi wa kwanza alinipa bei tamu: laki moja na nusu, jioni naondoka. Alisema tutashusha sampo (bakuli la oili chini ya injini), krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) tunaipiga msasa kwa mkono, beringi (maganda ya bati inamozunguka krenki) tunazikazia karatasi nyuma. Nilikataa, na yeyote anayeshawishiwa hivyo nampa sababu. Injini ikizunguka, krenki haitakiwi kugusana na beringi. Kati yao hukaa utando wa oili wenye unene wa sehemu chache tu za mia za milimita. Krenki iliyoliwa haiko duara tena, na msasa wa mkono hauirudishii uduara. Karatasi nayo inazuia joto lisitoke kwenye beringi. Ungesafiri nayo wiki kadhaa, halafu konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, na hapo hata cha kufufua hakipo.

Nikalipa elfu sitini gari ivutwe hadi Nyakato, kwa mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usininunulie kitu chochote mpaka tumepima."

Neno hilo ndilo lililookoa hela yangu. Tuliishusha injini, tukafungua sampo, na kabla hata ya kugusa krenki mzee akaniita nione chujio la oili, lile la wavu linalokaa chini kabisa na kunyonya. Wavu ulikuwa umezibwa na silikoni nyekundu, vipande virefu vyembamba kama minofu iliyokwama kwenye meno. Mwaka uliopita nilibadilishiwa sampo, na aliyeifunga alipaka silikoni nyingi kupita kiasi. Ile inayofurika kwa nje unaiona. Ya ndani inakatika, inaelea kwenye oili mpaka ifike kwenye wavu. Injini yangu ilikuwa na oili ya kutosha muda wote, ila haikuweza kuivuta. Nilikasirika sana, kwa sababu ni kosa la dakika tano lililonigharimu miezi miwili ya kazi.

Konrodi ya silinda namba 3 ilikuwa imegeuka bluu kwa moto, na beringi yake imebaki bati jembamba. Konrodi nyingine tatu zilikuwa nzima, beringi zake zikiwa na mikwaruzo tu. Silinda zenyewe zilitusaidia: kipenyo cha kiwandani ni milimita 78.7, na mikromita, kipimo cha sehemu ndogo za milimita, ilionyesha hazijaliwa kiasi cha kuhitaji pistoni kubwa. Hapo ndipo nilipookoa hela nyingi zaidi. Duka moja walikuwa wameshaniandikia pistoni nne zilizozidi kipenyo kwa milimita 0.50, kwa kukisia. Sisi tulisugua kuta za silinda zipate michirizi ya kushika oili, tukaweka ringi mpya, zile pete zinazozunguka pistoni. Kila ringi tuliiingiza kwanza kwenye silinda yake peke yake, tukaisukuma na pistoni ikae sawa, tukapima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Krenki ilienda kwa mchongaji ikapunguzwa kipenyo kwa milimita 0.25, kwa elfu 120, nikanunua beringi za saizi hiyo hiyo. Iliporudi ilikuwa inang'aa, na mimi nilitaka ifungwe siku ile ile. Mzee akachukua waya wenye kitambaa, akaupitisha kwenye tundu la oili la krenki. Ukatoka na unga mweusi wa jiwe la kuchongea. Tuliosha matundu yote kwa petroli, tukapuliza kwa kompresa, tukarudia mara tatu. Unga ule ungekula beringi mpya kabla sijafika Buhongwa.

Konrodi ya mtumba nilipata kwa elfu 25, ikiwa na kifuniko chake chenyewe, vifuniko havichanganywi. Nikaipeleka kwa sonara pamoja na moja ya zile tatu nzima, akazipima kwenye mizani ya dhahabu. Tofauti ilikuwa gramu 3. Mzee akapunguza kidogo kwenye ile nzito kwa kusaga, zikalingana.

Jambo moja tulibishana. Mzee amekaza bolti kwa mkono miaka yote na mkono wake anauamini. Mimi nilikodi toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa elfu 15, kwa heshima nikamwambia, "Mzee, naomba hii ya hedi tufuate kitabu." Bolti za hedi (kifuniko cha juu cha injini) za 5A zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje: kwanza Nyutoni mita 29, halafu robo mzunguko, halafu robo nyingine. Tukaweka alama ya rangi nyeupe kwenye kila bolti ili tuone imezunguka kweli. Alinung'unika kwa bolti mbili za kwanza, kisha akaanza kuzihesabu mwenyewe.

Sampo tuliipaka silikoni uzi mmoja mwembamba. Hapo nilisimama nikiangalia bila kupepesa.

Kabla ya kuwasha tulichomoa soketi ya distibyuta, inayogawa moto kwenye plagi, nikazungusha staa vipindi vifupi vifupi, injini ikizunguka bila moto, oili ipande kwanza. Mara ya nne taa ikazimika. Tukarudisha soketi. Ikashika kwa mara moja, moshi wa dakika chache, kisha kimya kile cha injini nzuri. Mzee aliweka sikio kwenye bisibisi ndefu, ncha ikiwa kwenye bloku, akaniambia tu, "Lete hela yangu."

Jumla ilifika 820,000. Kwa kilomita 500 nilienda taratibu, bila mzigo, Nyakato hadi Nyegezi na kurudi, milima nikiipanda kwa gia ndogo. Kisha nikamwaga oili kupitia kitambaa cheupe juu ya beseni. Mke wangu akaja kuangalia, akapitisha kidole. Kulikuwa na ukungu wa kijivu, hakuna hata chembe moja ya kung'aa. Akauliza, "Kwa hiyo Jumamosi unaenda mnadani?" Nikaenda, na marobota matano.