Siku moja maishani mwangu: kugawa dakika za wagombea urais katika redio ya Mbeya

Kazi yangu ni uhariri wa habari katika redio ya jamii hapa jijini Mbeya. Jumatano iliyopita tulikuwa tunakamilisha kipindi nilichokitamani kwa muda mrefu, kipindi kuhusu mgombea urais wa mrengo wa kushoto anayeingia ulingoni bila fedha za wakubwa, na namna sisi wa vyombo vya habari tunavyoamua, kabla mwananchi hajashika karatasi ya kura, kwamba mtu huyo hana nafasi. Naieleza siku hiyo saa kwa saa kwa sababu uamuzi wa namna hiyo haufanyiki katika kikao kimoja. Hufanyika kidogo kidogo, katika shughuli za kawaida za chumba cha habari ambazo msikilizaji hazioni.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshaanza kupitia magazeti kwenye simu. Picha za kurasa za mbele hutufikia mapema, na zamu ya asubuhi huchagua vichwa vitakavyosomwa hewani kuanzia saa kumi na mbili na nusu. Wasikilizaji wetu wengi hawanunui gazeti, kwa hiyo vichwa hivyo ndivyo gazeti lao la siku nzima, na habari iliyo ukurasa wa nane ni kama haikuandikwa. Tukisoma kurasa za mbele tu, tunaurithi uamuzi wa mhariri aliyeko Dar es Salaam bila kuuhoji. Mwaka 2015, baada ya Edward Lowassa kutoka CCM na kujiunga na CHADEMA mwishoni mwa Julai, kurasa hizo zilijaa majina mawili, lake na la John Magufuli, ilhali wagombea urais walikuwa wanane. Ndiyo maana nimemwomba mtangazaji wetu wa asubuhi achukue kila siku angalau habari moja ya kurasa za ndani, naye amekuwa akifanya hivyo kwa moyo.

Saa moja na nusu nilipanda daladala Uyole, nikashuka Kabwe na kumalizia kwa miguu hadi ofisini.

Kikao cha habari kilianza saa tatu kamili, na hapo ndipo sehemu kubwa ya siku ilipopita. Niliweka mezani majina mawili. La kwanza ni la marehemu Mama Anna Mghwira, mwanasheria kutoka Singida, mwenyekiti wa taifa wa ACT-Wazalendo na mwanamke pekee kati ya wale wanane wa 2015. Chama chake kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei tangu kisajiliwe, na Juni mwaka huo kilikuwa kimetoa Azimio la Tabora kwa nia ya kuhuisha misingi ya Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa la mwaka 1967. La pili ni la Bernie Sanders, seneta wa jimbo la Vermont nchini Marekani, aliyekuwa meya wa mji wa Burlington kuanzia 1981 hadi 1989 na ambaye hajawahi kuficha kwamba ni msoshalisti wa kidemokrasia. Aprili 2015 alitangaza kuwania uteuzi wa chama cha Democratic dhidi ya Hillary Clinton, akitaka bima ya afya kwa kila raia, elimu ya vyuo vikuu vya umma bila ada na kima cha chini cha mshahara cha dola 15 kwa saa.

Kijana mmoja wa zamu ya jioni, ambaye ni mwepesi wa hoja na ninampenda kwa hilo, alinyoosha mkono. "Dada, Mama Mghwira alipata kura 98,763. Hiyo ni asilimia 0.65. Magufuli alipata zaidi ya milioni nane. Tungempa muda sawa kwa hesabu gani?"

Ni swali la haki, na wahariri wengi waliokomaa hulijibu kwa kutikisa kichwa kumuunga mkono. Mimi nilimjibu kwamba anatumia matokeo ya Oktoba kuhalalisha ukimya wa Agosti. Wanahabari tulipokuwa tunagawa dakika, kura zilikuwa hazijapigwa. Kilichokuwepo ni hisia zetu juu ya nani mkubwa, na hisia hizo tuliziita uzito wa habari. Mgombea asiyesikika hapati watu mkutanoni, asiyepata watu hapigwi picha, na asiyepigwa picha tunasema hana mvuto, kisha tunamnyima dakika kwa sababu hana mvuto.

Ili wasidhani natoa mawazo ya kichwani, niliwasomea yaliyopimwa kwingine. Mchambuzi wa habari za televisheni Andrew Tyndall amekuwa akihesabu dakika za taarifa za jioni za vituo vikubwa vya Marekani kwa miaka mingi. Katika hesabu yake iliyotoka Desemba 2015, taarifa ya jioni ya ABC ilikuwa imempa Donald Trump dakika 81 kwa mwaka huo, huku taarifa mahususi juu ya kampeni ya Sanders zikiwa sekunde 20. Nilimwomba binti wa mafunzo kwa vitendo asome kwa sauti wasifu wa Sanders tuliouandika, nami nikashika saa ya simu. Sekunde 20 zilikwisha akiwa ametaja jina, jimbo, umeya wa Burlington na mwanzo wa sentensi kuhusu bima ya afya. Neno "afya" halikutoka. Chumba kizima kikaelewa.

Na huyo hakuwa mgombea wa kubahatisha. Agosti 2015 mkutano wake wa Portland, Oregon, ulikusanya watu wapatao 28,000, wengine wakisikiliza nje ya ukumbi kwa vipaza sauti. Kampeni yake iliendeshwa kwa michango midogo ya watu wa kawaida, wastani wa dola 27 kwa mchango, hata dola hizo zikawa kama wimbo mikutanoni. Hatimaye, katika kura za mchujo za chama, alishinda katika majimbo 22 na kupata kura zaidi ya milioni 13. Hata hivyo, usiku wa Machi 15, 2016, alipokuwa akihutubia Phoenix, Arizona, vituo vikubwa vya habari vya kebo vilionesha jukwaa tupu vikimsubiri Trump apande.

Niliwasomea pia lililo kinyume na matarajio yao. Thomas Patterson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa habari za kampeni za mwaka uliotangulia, akaona kwamba habari za Sanders, japo zilikuwa chache, kwa jumla zilikuwa nzuri kuliko za mpinzani wake Clinton, aliyeandikwa sana na kwa ubaya. Kwa hiyo tatizo halikuwa matusi, lilikuwa uchache. Aliona pia kwamba wingi wa habari za Trump ulianza kabla hajapanda katika kura za maoni, yaani tafiti za kuwauliza wananchi watamchagua nani. Hapo niliweka karatasi chini, kwa kuwa wahariri hujitetea kwamba wanafuata kura za maoni, na hapa habari ndizo zilizotangulia.

Kijana wetu hakukubali yote. Alisema redio yenye waandishi wachache haiwezi kuhudhuria mikutano ya vyama vyote, na kwa hilo yuko sahihi kabisa.

Saa tano na nusu nilitoa kabatini daftari la zamu la mwaka 2015, lililoachwa na waliofanya kazi hapa kabla yetu. Ni daftari kubwa la jalada gumu, lenye safu za saa, habari, mwandishi na dakika. Kila ukurasa wa Septemba majina mawili yamejirudia kwa wino wa bluu mzito. Jina la Mama Mghwira nalo limo, kwa penseli, na pembeni mwake mtu ameandika kwa herufi ndogo: "kama nafasi itakuwepo." Tuliendelea kufunua, na maneno hayo yakatokea tena, kwa mwandiko mwingine. Binti wa mafunzo akauliza kwa nini kwa penseli. Nilimweleza kwamba kilichoandikwa kwa penseli ni kile kinachofutwa kwanza dakika zikipungua.

Safu ya mwandishi ilisema zaidi kuliko ile ya dakika. Waandishi wa habari zile nyingi walikuwa kwenye misafara. Msafara wa chama kikubwa ukitoka Makambako huja na gari la waandishi, na mwandishi aliyemo hutuma habari kutoka Igawa, Chimala, Igurusi na Uyole, kila kituo habari yake, bila redio kutoa hata senti ya nauli. Chama kidogo hakina gari hilo. Sheria ya Taifa ya Uchaguzi iliyotumika wakati huo iliwapa wagombea urais haki ya kutumia redio na televisheni ya taifa wakati wa kampeni, na ikayataka magazeti ya serikali yasimbague yeyote. Haikusema ni nani atatia mafuta katika gari la mwandishi wa redio ya jamii. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha jambo kwa mikoa yetu, kuliko hata upendeleo wa kisiasa ambao kila mtu huutaja haraka.

Chakula cha mchana kilikuwa wali maharage, tukala huku tukikata sauti za mahojiano.

Saa tisa tulikwenda Soko la Mwanjelwa kuchukua maoni ya wananchi. Tulimkuta mama mmoja anayeuza viazi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kutusogezea ndoo tukalie. Nilimuuliza anawakumbuka wagombea gani wa 2015. Alitaja wawili papo hapo. Nilipomtajia Mama Mghwira alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Huyo nilimwona kwenye karatasi ya kura, mwanangu. Niliona picha ya mama, nikashangaa kumbe kuna mwanamke anagombea. Lakini ningempaje kura nami sijui anataka nini?"

Nilipomweleza kwamba chama chake kilizungumzia hifadhi ya jamii, kwamba mkulima na mchuuzi naye awe na akiba ya uzeeni na matibabu kama mfanyakazi wa ofisini, aliacha kupanga viazi na kuniangalia. "Hayo ndiyo ningependa kuyasikia," akasema. Kijana wa zamu ya jioni ndiye aliyeshika kinasa sauti, na njia nzima ya kurudi hakuzungumza juu ya asilimia.

Mzee mmoja wa pale sokoni alimkumbuka Hashim Rungwe wa chama cha CHAUMMA, mwingine wa wale wanane, naye papo hapo akamwita "mzee wa ubwabwa". Hilo nalo tuliliweka kipindini, kwa kuwa mgombea anaweza kunyamazishwa hata anapotangazwa: katika kampeni za 2020 ahadi yake ya ubwabwa ilirudiwa hewani mpaka ilani nzima ikafunikwa na kicheko.

Kipindi kilianza saa kumi na mbili na robo jioni. Tulifungua kwa sauti ya yule mama wa viazi, tukafuatia na Sanders, kisha tukatulia kwa muda kwenye Oktoba 2015, ulipofanyika mdahalo wa wagombea urais ambao wale wawili wakubwa hawakuhudhuria na Mama Mghwira akajibu maswali mbele ya taifa. Wengi walimsikia kwa kirefu kwa mara ya kwanza siku hiyo, kampeni zikiwa zinaelekea ukingoni. Tulieleza pia kwamba katika mahojiano ya awali aliulizwa mara kwa mara kuhusu Zitto Kabwe, kiongozi wa chama chake, ambaye kwa katiba asingeweza kugombea kwa kuwa alikuwa hajatimiza miaka 40. Mwanasheria aliyesomea kazi yake alitumia sehemu ya dakika zake chache kueleza kwa nini mwanaume fulani hagombei. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na nililisema hewani kwa maneno hayohayo.

Simu ya kwanza ilitoka Tukuyu. Baba mmoja aliuliza kwa ukali kama redio imeanza kumpigia mtu debe. Nilimjibu kwamba hatuombi mtu yeyote apewe kura, tunaomba apewe nafasi ya kusikika wakati kura bado iko mkononi mwa mwenye nayo. Aliyefuata, dada kutoka Mbalizi, aliuliza kama mgombea wa chama kidogo akija kwao tutapeleka mwandishi. Sikutaka kumpa ahadi tupu, nikamwambia tutalifanyia kazi usiku huohuo.

Tulilifanyia kazi. Saa mbili usiku nilikaa na meneja, nikampa mapendekezo mawili: daftari la zamu la kampeni zijazo liwe na safu ya kila mgombea tangu siku ya kwanza, kwa wino, na redio iwe na fungu lake dogo la nauli ili mwandishi wetu asitegemee kiti cha msafara wa mtu. La kwanza alilikubali papo hapo. La pili aliuliza fedha zitatoka wapi, kisha akaniagiza nimletee makisio ya kila wilaya ya mkoa kabla ya Ijumaa, yaani Mbeya, Rungwe, Kyela, Chunya na Mbarali. Nimeanza na Chunya, kwa sababu ndiko ambako tumezoea kusema kuwa ni mbali.