Kihisi kilichokataa kulala

Masika iliyopita mjomba alinipigia kutoka Turiani: "Mjomba, kile kidude chako kimezima tena."

Kidude ni kompyuta ndogo ya Linux iliyofungwa kwenye tangi la maji la shamba lake. Inakula umeme wa sola na betri, na kila dakika 10 inasoma kina cha maji kwa kihisi, kifaa cha kupimia. Siku za jua haikuwa na neno. Mawingu yakitanda siku mbili, betri inakata kabla ya alfajiri.

Nilishuku betri, nikabadilisha, hali ikawa ile ile. Ndipo nikaileta nyumbani nikafungua faili la power/runtime_status la kihisi, linaloonyesha kama kifaa kimelala au kiko macho. Sekunde mbili baada ya kila kipimo lilipaswa kuandika "suspended", yaani kimelala. Usiku kucha liliandika "active", yaani kiko macho.

Tangu toleo 2.6.32 la mwaka 2009, kerneli, yaani kiini cha Linux, ina utaratibu uliosukwa na Rafael J. Wysocki: kila kifaa kina hesabu ya wanaokitumia. Draiva, programu inayokiendesha kifaa, ikikihitaji huongeza moja, ikimaliza hupunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, kifaa kinaruhusiwa kulala. Usiporudisha ulichochukua, hakuna wa kukudai. Betri ndiyo inayolipa.

Nikajenga kerneli upya na chaguo la CONFIG_PM_ADVANCED_DEBUG, maana bila hilo faili la runtime_usage, linaloonyesha hesabu hiyo, halionekani. Nikachomoa waya wa data makusudi, nikaomba kipimo. Kosa likarudi, sawa. Hesabu: 1. Nikaomba tena: 2. Tena: 3.

Moyo ulinienda mbio. Kumbe kusoma kukishindwa, draiva ilitoka hapo hapo kwa "return ret", bila kupita kwenye pm_runtime_put_autosuspend, amri inayopunguza hesabu. Na kule tangini unyevu wa masika ulikuwa umeingia kwenye kiungio cha waya. Kipimo kimoja tu kikikwama, kihisi hakilali tena mpaka mashine izimwe na kuwashwa. Mawingu yale yale yaliyopunguza umeme ndiyo yaliyoleta mvua iliyouvujisha.

Siku hizi nikisoma draiva naanza na njia za makosa. Huko kuna mtego mwingine: pm_runtime_get_sync, amri ya kukiamsha kifaa, huongeza hesabu hata inaposhindwa kukiamsha kifaa. Umenasa wengi, hadi toleo 5.10 la mwaka 2020 lilipoleta pm_runtime_resume_and_get, inayoirudisha hesabu yenyewe. Kwenye draiva mpya natumia hiyo.

Kiraka changu, yaani marekebisho ya draiva niliyotuma kwa wasimamizi wa kerneli, kilikuwa mistari mitano. Maelezo yake yalinichukua jioni mbili. Msimamizi wa sehemu hiyo akataka mstari wa Fixes unaotaja badiliko lililozaa hitilafu. Nikalisaka, nikatuma toleo la pili lenye jina langu kwenye Signed-off-by, mstari wa saini, likapokelewa.

Wiki iliyopita vuli ilimwaga siku tatu mfululizo. Simu haikulia, nikapiga mimi.

"Mita moja na robo, mjomba," akanisomea.