Koleo linaloshika waya kabla ya kuukata

Kijana ninayefanya naye kazi ana kovu mkononi, refu kama kidole cha shahada. Alilipata tukiwa Utange, hapa Mombasa, tunabomoa ua wa zamani wa seng'enge ili tuweke mwingine. Yeye alikuwa ameshika waya upande mmoja, mimi nina plaisi upande wa pili. Waya ule ulivutwa miaka mingi nyuma na nguvu zake bado zilikuwa ndani. Nilipoukata, ncha aliyoishika yeye ilitulia. Ile nyingine, ambayo haikuwa na wa kuishika, iliruka ikajikunja na kumpitia mkononi kabla hata sijasema "angalia".

Tulimfunga leso, tukapanda tuktuk hadi zahanati, akashonwa na kudungwa sindano ya pepopunda. Usiku nilikaa barazani nikiitazama ile plaisi. Nimefanya kazi ya nyua miaka 11, kuanzia Likoni mpaka Mtwapa, na muda wote huo nilikuwa nachagua vifaa kwa makali yake. Sikuwahi kujiuliza: waya ukishakatika, nani anashika ile ncha?

Kwa wasioijua kazi yetu, ua wa seng'enge huku Pwani mara nyingi unasimama juu ya nguzo za mvinje. Miti hii tunayo kwa wingi. Hata yale machimbo ya saruji ya Bamburi, mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kuyarudishia uhai mwaka 1971, mvinje ulikuwa kati ya miti michache iliyokubali kumea kwenye mawe yale matupu. Mbao yake ni ngumu kupita kiasi. Msumari wa U ukishaingia na kukaa mwaka mmoja, kuutoa ni vita. Kwa hiyo fundi wa ua anahitaji nyundo ya kugongea, kulabu ya kung'olea, meno ya kuvutia waya, na makali ya kukatia. Vitu vinne, mikono miwili, na mkono mmoja tayari umeshika waya wenye miiba.

Koleo, yaani plaisi, la kazi zote hizi lipo tangu zamani. Seng'enge yenyewe ilienea Marekani baada ya Joseph Glidden kupata hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1874, na vifaa vya kuishughulikia vikafuata. Nilinunua moja la aina hiyo hapa mjini, la kutoka nje, lina kichwa cha nyundo na kulabu. Nililipenda miezi miwili. Halafu hewa ya bahari ikaingia kwenye kiungo, likawa linafunguka kwa kupigwa gotini. Makali yakaliwa na waya mgumu, yakabaki na vishimo kama mapengo ya mtoto anayeng'oka meno. Na hata lilipokuwa zima, lilikata tu. Ncha ilikuwa huru kuruka inavyotaka.

Nikaamua kutengeneza la kwangu, na sharti likawa moja: lishike kwanza, likate baadaye, na liendelee kushika baada ya kukata.

Nilianza na boksi la sabuni. Nilikata vipande viwili vya umbo la koleo, nikavitoboa, nikatia msumari mdogo katikati viwe vinacheza. Nilikata maboksi mpaka mke wangu akaniuliza kama nimeanza kushona viatu. Faida ya boksi ni kwamba ukikosea unapoteza dakika kumi tu. Kosa langu la kwanza lilionekana hapo hapo: makali niliyaweka mbali mno na egemeo, yaani ule msumari wa katikati.

Hesabu yake ni ya mizani ya kawaida. Nilipoiweka mizani ya kupimia uzito kati ya viganja na kubana, nilipata kama kilo 25 bila kujiumiza. Kutoka egemeo hadi katikati ya mpini palikuwa sentimita 16, na kutoka egemeo hadi kwenye makali sentimita 2. Nguvu inazidishwa mara nane, kilo 200. Hiyo inatosha waya laini wa milimita 2.5, ila ule mgumu ambao wateja wengi wanautaka siku hizi unabaki na alama tu. Nikayasogeza makali hadi sentimita 1, mpini ukawa sentimita 17. Sasa mara 17! Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Makali yakiwa karibu na egemeo yanapata nguvu lakini yanafunguka kidogo. Ili yapanuke milimita 4, mipini ilitakiwa itanuke hadi sentimita 11. Kwa upana huo vidole vyangu vinashika kwa ncha tu, na ncha za vidole hazina nguvu. Huna faida ya kuzidisha mara 17 kitu ambacho mkono umeshindwa kukitoa.

Nilihangaika na jambo hilo wiki mbili. Nilipoishia ni hapa: makali sentimita 1.2 kutoka egemeo, yafunguke milimita 3 na si zaidi, mpini sentimita 17. Mara 14, karibu kilo 350, na mipini inafunguka chini ya sentimita 9. Waya mnene kuliko milimita 3 hauingii, na nimekubali hivyo. Kifaa kinachotaka kukata kila kitu kinamchosha anayekitumia kwenye kile kidogo anachokikata kila siku.

Ule mfano wa boksi niliupeleka kwa mhunzi ninayemwita Ami, ambaye karakana yake iko upande wa Kongowea. Aliugeuza kiganjani, akaufungua na kuufunga, akaniuliza, "Hiki chuma utakitoa wapi?"

"Nondo, Ami. Ninazo vipande vingi vya site."

"Nondo haishiki makali, mwanangu. Utaitia maji mpaka kisima kikauke. Kaniletee springi ya lori."

Alisema kweli. Nondo za kawaida zina kaboni kidogo, ukizichoma na kuzipoza ghafla hazigeuki kitu. Springi za gari kubwa zina kaboni ya kutosha kuwa ngumu, na zimezaliwa kuvumilia kupindwa. Nilinunua jani moja la springi kwa wauza vyuma chakavu, nikalibeba begani.

Ami anachoma kwa makaa ya vifuu vya nazi, na feni ndogo ya umeme mahali pa mivuo. Tulilikata jani, tukazifua nusu mbili juu ya fuawe, tukazitoboa, halafu mimi nikakaa na tupa kwenye jiliwa siku tatu nikizifuata alama za boksi. Hapo ndipo nilipoharibu. Ami alikuwa ameenda kuswali adhuhuri, nami nikaona nimalize mwenyewe. Nikachoma nusu ya kwanza hadi ikawa nyekundu, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Ilitoa sauti ndogo, tik. Nilipoipangusa, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umekatiza kwenye makali.

Ami aliporudi hakunikaripia. Alichukua sumaku ya spika kuukuu, akaifunga kwenye waya. "Ukiona sumaku haiking'ang'anii tena chuma, subiri kidogo, ndiyo wakati wake. Na springi haitaki maji. Inataka mafuta." Tukafua nusu nyingine. Alipoifikisha pale sumaku ilipoachia, akaipandisha moto kidogo tena, akaiingiza kwenye debe la oili chakavu ya injini, taratibu, akiikoroga. Moshi ulitujaa machoni. Kisha akapitisha tupa kwenye makali: tupa ikateleza kama juu ya kioo.

"Basi tayari?"

"Ngoja. Sasa kina hasira. Ukikifanyia kazi hivi kitakuvunjikia usoni."

Sehemu iliyofuata ningependa kila fundi kijana aione kwa macho yake. Aliisugua ile nusu kwa msasa mpaka ikang'aa, akaweka ncha ya mpini kwenye makaa, makali yakiwa mbali na moto. Kwa dakika kadhaa hakuna kilichotokea. Halafu rangi ikaanza kutembea. Ilitoka mpinini buluu, mbele yake zambarau, mbele ya hiyo kahawia kama haluwa, na mbele kabisa manjano hafifu ya ukindu mkavu, zikifuatana kama maji yanayopanda ufukweni. Joto linapozidi rangi inageuka: manjano huwa karibu na nyuzi 230, buluu inakaribia 300. Ami alingoja ile kahawia iguse makali, akaizamisha kwenye oili papo hapo. Hivyo makali yakabaki magumu, na mpini ambao umeshafika buluu ukawa na unyumbufu wa springi. Kipande kimoja cha chuma, tabia mbili.

Baadaye nilisoma kuhusu Mathias Klein, mhunzi wa Chicago aliyeletewa plaisi iliyovunjika na fundi wa nyaya za simu ya maandishi mwaka 1857. Alifua nusu mpya akaiunga na ile nzima. Si muda, yule fundi akarudi na nusu ya pili imevunjika, ikafuliwa nayo. Ilinigusa, kwa sababu la kwangu lilizaliwa hivyo hivyo, nusu moja baada ya nyingine.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni sehemu ya kushikia. Makali yako ubavu wa kulia wa kichwa. Ubavu wa kushoto, kwenye mstari ule ule, nilitaka kitu kiuguse waya kabla makali hayajaufikia na kizidi kuubana wakati makali yanaingia. Nikaweka kipande cha mpira wa tairi. Kilishika vizuri, na baada ya waya ishirini kikawa kimekatwa na miiba. Nikaweka kipande cha msumeno wa chuma, kikavunjika kwa sababu hakijui kupinda. Kilichokubali ni ulimi mdogo wa springi nyembamba, umefungwa kwa ribiti upande mmoja, upande wa pili uko huru na umetangulia makali kwa milimita moja. Unapobana, ulimi unaugusa waya kwanza, unapinda, unazidi kukaza, kisha ndiyo makali yanakata. Waya ukikatika, ncha ya ua inabaki mdomoni mwa koleo, imetulia.

Meno ya ulimi huo niliyatia kwa tupa ya pembe tatu, na mwanzoni niliyafanya makali sana. Yalishika kama mbwa, lakini yalikwangua zinki ya waya. Huku kwetu ukiikwangua zinki umeialika kutu. Upepo wa bahari haukusamehe. Niliona alama nyekundu kwenye ua mmoja wa Shanzu, kila mahali nilipobana, na kazi ile ilikuwa bado changa. Niliirudia kwa gharama yangu. Sasa vilele vya meno navisugua kwa msasa mpaka kidole kisikwaruzike.

Mengine yalikuja haraka. Kulabu ya kung'olea misumari ya U iko mgongoni mwa kichwa, na upande wa pili kuna uso wa nyundo, mzito kidogo ili gramu 620 za koleo zima zisaidie kugonga. Ukiubana waya na kukiegemeza kichwa kwenye nguzo, ukalizungusha koleo kama unavyozungusha mpini wa mlango, waya unakaza. Mtu mmoja anaweza kuuvuta na kuupigilia bila mwenzake. Katikati nilitia bolti isiyoshika kutu badala ya ribiti, pamoja na washa nilizozikata kwenye bushi ya shaba. Kila Ijumaa jioni nalifungua, nalipangusa, natia grisi. Kiungo kinachofunguka kinasafishika, na kinachosafishika hakigandi.

Mipini nimeivika mpira wa tyubu ya baiskeli ili isiteleze kwa jasho, na hapa nasisitiza kwa nguvu zote: mpira huo si kinga ya umeme. Fundi mmoja wa umeme aliliona, akaniomba nimtengenezee la kufanyia kazi kwenye nyaya. Nilikataa. Plaisi za umeme zinapimwa kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60900, zina alama ya volti 1000 kwenye mpini, na kila moja imejaribiwa. Langu halijajaribiwa kwa hilo, na nyua nyingi za Nyali na kwingineko zina waya za umeme juu. Kabla sijaugusa ua kama huo nahakikisha swichi imezimwa na mwenye nyumba amesimama karibu nayo.

Hili ninalolitumia ni la tatu. La kwanza lilipasuka kwenye kulabu, la pili ndilo lililokwangua zinki. La tatu lina miezi saba na makali yake nimeyanoa mara mbili. Mwezi uliopita tulirudi Utange, jirani kabisa na ule uwanja, nguzo 46, mistari mitano. Waya wa kwanza wa zamani niliukata mimi, kijana wangu akiwa amerudi nyuma hatua nne, mkono wenye kovu umewekwa kifuani. Ncha ilibaki mdomoni mwa koleo. Akasogea, akaigusa kwa kidole.

Wa pili akaomba aukate mwenyewe. Ni mshoto. Alipolishika kwa mkono wake, ulimi ukawa unashika kipande cha kutupwa na kukiachia kile cha ua. Alipoligeuza, kulabu ikawa inamtazama kifuani. Nililichukua, nikamwambia aendelee kuchimba mashimo. Jioni nikapitia dukani kuomba boksi la sabuni.