"Kidogo hakidhuru": nilivyoizoea seliaki kwa kukosea

Seliaki ni ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia utumbo mdogo mtu akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano. Kosa langu la kwanza lilikuwa utii. Niliambiwa "acha ngano wiki chache uone", nikaacha. Kuharisha kukakoma, tumbo likatulia, nikajiona tabibu. Nilipokwenda kupima damu baadaye, majibu yakatoka karibu safi, na daktari akabaki hana cha kushika. Kipimo kinachoanza, kile cha tTG-IgA, hutafuta kingamwili ambazo mwili wenye seliaki hutengeneza ukichokozwa na gluteni. Ukiacha gluteni, kingamwili hushuka taratibu na vijidole vya utumbo mdogo, vile vinavyofyonza chakula, huanza kuota upya. Ushahidi unaufuta mwenyewe.

Ikanibidi nirudie ngano kwa makusudi: vipande viwili vya mkate kila siku, wiki nane nzima. Sijapata kula mkate kwa chuki namna ile. Ndipo damu ikapimwa tena, safari hii pamoja na jumla ya IgA, aina ya kingamwili ambayo kipimo kile hukitegemea, kwa sababu mwenye upungufu wa IgA anaweza kuonekana mzima ilhali mgonjwa. Kisha kamera ikapitishwa kinywani hadi utumbo mdogo, vikachukuliwa vipande kadhaa vya nyama. Kimoja hakitoshi, maana uharibifu mara nyingi huwa wa madoadoa. Kama uliacha gluteni zamani na huwezi kuirudia, uliza kipimo cha jeni za HLA-DQ2 na DQ8. Usipokuwa nazo, seliaki karibu haiwezekani. Ukiwa nazo hujajua kitu bado, maana watu wengi wazima kabisa wanazo.

Majibu yalipothibitika, wakaja wale wa "kidogo hakidhuru". Hawa nimewachoka, kwa hiyo nawajibu kwa hesabu. Kiasi ambacho wagonjwa wengi huvumilia bila utumbo kuharibika ni kama miligramu 10 za gluteni kwa siku. Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina gramu 2 hivi, yaani miligramu 2,000. Kigawe mara mia mbili: ile chembe inayobaki ndiyo ruhusa yako ya siku nzima. Kwa wengine haba na haba hujaza kibaba. Kwetu haba moja inatosha. Na usiongozwe na tumbo. Wapo wasioumwa chochote huku utumbo unaendelea kulika na dalili pekee ni damu isiyopanda hata wameze vidonge vya madini ya chuma mwaka mzima.

Jikoni nilidhani kuosha kunatosha. Sufuria laini za chuma, glasi na sahani, sawa, sabuni na maji vinamaliza kazi. Mwiko wa mbao, ubao wa kukatia wenye mikwaruzo, chujio la tambi na chekeche la unga niliwaachia wengine, nikanunua vyangu vya rangi tofauti. Chekeche ndilo baya kuliko vyote, matundu yake hayaoshiki. Mashine ya kuokea vipande vya mkate nayo usijaribu kuisafisha. Moto hauui gluteni, kwa kuwa si kijidudu, hivyo mafuta yaliyokaangia kitu chenye unga wa ngano yanabaki na gluteni hata yachemke vipi. Dawa ya kuulia vijidudu mikononi haiiondoi pia. Nawa kwa sabuni. Siagi na jamu ziwe na kopo lako, la sivyo kisu cha mwenzako kitakuletea makombo. Na mtu akipepeta unga wa ngano, toka jikoni na funika chakula chako, kwani vumbi lake huelea na kutua popote.

Maneno pia hunasa. Nafaka tatu ndizo adui: ngano, shayiri na rai (rye), pamoja na ndugu zao kama spelta na ngano ngumu ya kutengenezea tambi. Sasa Kiswahili chetu kinachanganya: wengi huita "shayiri" hata ile oti inayopikwa uji. Shayiri yenyewe imekatazwa moja kwa moja. Oti ni habari nyingine. Wengi wetu huivumilia, ila ile ya kawaida hulimwa na kusagwa jirani na ngano, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa haina gluteni, na mimi nilisubiri hadi vipimo vitulie kwanza. Kimea nacho kiulize ni cha nini. Cha ulezi hakina neno, cha shayiri kinajificha kwenye bia, vinywaji vya unga na vitafunwa vya asubuhi. Mchuzi wa soya wa kawaida una ngano. "Haina ngano" kwenye lebo si sawa na "haina gluteni". Maneno hayo ya pili, kwa kiwango kinachotumika nchi nyingi, yanamaanisha isizidi miligramu 20 kwa kilo.

Mchele, mahindi, mtama na ulezi ni salama kwa asili, lakini mashine iliyotoka kusaga ngano itakuharibia. Nanunua nafaka nzima, naichambua punje kwa punje, naiosha, naianika, nasaga mwenyewe.

Haya, mkate. Wa kwanza niliuoka kwa unga wa mchele mtupu nikifuata kanuni ya mkate wa ngano: nikaukanda kwa bidii, nikaacha uumuke mara mbili. Ukatoka tofali, nje jiwe, ndani mchanga mbichi. Wa pili nikaongeza hamira maradufu. Ulipanda vizuri hadi nikaita watu waje kuona kwenye kioo cha ovena. Walipofika, ukabonyea katikati mbele yao kama hema lililong'olewa vigingi. Gluteni ndiyo wavu unaoshika hewa ya hamira; bila wavu, hamira zaidi ni hewa zaidi ya kupotea.

Wavu mbadala ni maganda ya mbegu za sailiamu, ambayo wengine huyaita isabgol. Napima kwa mizani, vikombe hudanganya. Gramu 25 za maganda nayakoroga kwenye mililita 500 za maji vuguvugu hadi yawe kama jeli, dakika 5 hivi. Pembeni nachanganya unga wa mchele gramu 200, wa mtama 150, wanga wa muhogo 150, hamira gramu 7, chumvi 10 na sukari kijiko. Naunganisha vyote na vijiko viwili vya mafuta na kimoja cha siki. Usiukande sana, hakuna cha kukuza. Unakuwa mzito wa kunata, unaingia kwenye chombo cha kuokea chenye kuta, maana peke yake hutambaa. Unaumuka mara moja tu, ukikaribia kuongezeka nusu oka nyuzi 200 kwa saa moja au zaidi kidogo. Kisha jizuie saa mbili. Ukiukata wa moto, wanga haujashikana na utalalamika kuwa mbichi. Siku ya pili unaanza kukauka, kwa hiyo naukata wote na kugandisha vipande.

Maziwa yalinisumbua miezi ya mwanzo, kwani utumbo uliojeruhiwa hushindwa kusaga laktosi, sukari iliyomo kwenye maziwa. Yakarudi baadaye bila shida. Madini ya chuma, asidi ya foliki na vitamini D vilipimwa, na mifupa pia. Kingamwili zangu hazikushuka kwa mwezi mmoja kama nilivyotaka. Zilipimwa baada ya miezi 6, zikawa nusu, na kuwa sawa zilichukua zaidi ya mwaka. Utumbo wa mtu mzima huenda ukachelewa zaidi. Ndugu wa tumbo moja, wazazi na watoto nao wapimwe, kwani kwao uwezekano ni kama mmoja kwa kumi. Ila wasiache ngano kabla ya kipimo.