Walaji wa Methani Chini ya Barafu

Kila ninaposoma habari za methani, gesi inayoongeza joto la dunia, iliyofungiwa chini ya barafu za ncha za dunia hukutana na neno "bomu", nami neno hilo hunikera, kwa kuwa huko chini wapo vijidudu wanaoitengeneza gesi hiyo na wapo wanaoila, na hatari yote imo katika mashindano yao.

Mwezi Januari 2013 watafiti walitoboa barafu yenye unene wa mita 800 hivi huko Antaktika Magharibi wakalifikia Ziwa Whillans. Tope la sakafuni lilikuwa na methani, zao la vijidudu wanaoishi pasipo oksijeni. Lakini gesi ilipopanda na kukutana na maji yenye oksijeni, bakteria wengine waliidaka, na kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2017, zaidi ya asilimia 99 yake iliishia humo humo.

Greenland mambo ni mengine. Katika kiangazi cha 2015, kwenye mto utokao chini ya barafuto (mto wa barafu) ya Leverett, vipimo vilionyesha kwamba maji yalitoa angalau tani 6 za methani kwa msimu mmoja. Kiasi hicho ni kidogo, kwani ng'ombe wapatao 100 hukicheua kwa mwaka. Kinachonishughulisha ni namna kilivyotoka. Maji ya barafu iliyoyeyuka juu hupenya kwenye nyufa hadi sakafuni, kisha huisomba gesi kwa kasi hata walaji wake wasipate nafasi ya kuimaliza, na jinsi joto linavyozidi ndivyo maji hayo yanavyoongezeka.

Kwa haki, IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, lilisema mwaka 2021 kwamba si rahisi kabisa methani iliyogandia chini ya bahari ibadilishe mwenendo wa joto katika karne hii, nami nakubali. Hata hivyo, kwa kipindi cha miaka 20, tani moja ya methani hupasha joto takriban mara 80 kuliko tani moja ya kaboni dioksidi, kwa hiyo kuchelewa kwa walaji si jambo dogo.

Nao huchelewa. Mwaka 2011 methani ilianza kuchuruzika kutoka sakafu ya Bahari ya Ross huko Antaktika, mahali paitwapo Cinder Cones, chini ya barafu ya baharini. Watafiti waliporudi miaka 5 baadaye walikuta vijidudu walaji wamekwisha kuhamia hapo, ila walikuwa bado hawajatosha, na gesi iliendelea kuwapita.