Pikapu hujaa kabla hujapakia

Nikituma picha ya pikapu kwenye grupu la familia, vijana wa Langoni, mtaa wetu wa Lamu, huuliza injini ina nguvu kiasi gani na nimeinunua kwa pesa ngapi. Ami yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi mpaka magoti yalipomgomea, huuliza moja tu: "Mizigo mizito umeiweka wapi?" Hajawahi kushika usukani wa gari, na ndiye pekee anayeuliza la maana.

Naishi Phoenix, Arizona. Huku watu hutembea wakati wa baridi, maana kiangazi joto hupita nyuzi 40 na kila mtu hujifungia na kiyoyozi chake. Basi baridi ikiingia, mimi, mke wangu na watoto wawili huvuta trela letu la kulala, lenye vitanda, jiko na choo, tukaelekea jangwani upande wa Quartzsite. Ardhi kubwa ya huko ni ya umma, chini ya Bureau of Land Management, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia ardhi hizo, na sehemu nyingi unaruhusiwa kukaa bure hadi siku 14 katika kila siku 28. Bure yenyewe haina bomba, haina umeme, haina fundi. Usichokibeba huna.

Hapo tamaa huingia. Nyuma ya pikapu ni papana, na macho hukwambia unaweza kuhamisha nyumba nzima. Lakini fungua mlango wa dereva, utakuta kibandiko kinachosema abiria na mizigo kwa jumla visizidi uzito fulani. Changu kinasema kilo 700. Haya, tuhesabu. Trela langu likishapakiwa lina kilo 2,700, na shingo ya trela la aina hii, yaani ile sehemu ya mbele inayofungwa kwenye pikapu, inatakiwa kuilalia pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito huo. Langu hulalia kilo 330. Hizo ni mzigo wa pikapu, ingawa ukichungulia nyuma huoni kitu. Vyuma vya kusawazisha uzito pale kwenye kiungo, kilo 40. Sisi wanne, kilo 240. Zimebaki kilo 90 na sijatia hata sufuria. Jerikeni nne za maji, za lita 20 kila moja, ni kilo 80. Kwisha habari.

Wengi wakifika hapo husukumia kila kitu nyuma kabisa ya trela. Nilipokuwa likizo Lamu nilimchorea ami jambo hili kwenye karatasi, tumekaa barazani, naye akatikisa kichwa kabla sijamaliza. "Shehena yote tezini? Omo litainuka, na chombo kitakwenda kitakako chenyewe." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ndivyo hasa. Mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, shingo hupoteza uzito, na lori likikupita kwa kasi trela huanza kuyumba huku na huku, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia, mpaka liiburute pikapu. Likianza hivyo usikanyage breki kwa nguvu. Achia mafuta taratibu, shika usukani ulionyooka, na ubane breki za trela peke yake kwa kile kidude cha mkono kilicho karibu na usukani.

Sisi maji mengi huyatia kwenye tangi la trela, kwa kuwa letu liko karibu na ekseli na uzito wake hubebwa na matairi yake lenyewe. Tena twajaza mji wa mwisho, si nyumbani. Jenereta tumeiacha, tunatumia paneli za sola. Kisha napitia kwenye mizani ya vituo vya malori, unalipa kidogo unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Karatasi hiyo naiamini kuliko fundi yeyote.

Kilichobaki hupangwa hivi: vizito chini kabisa, vikiegemea ukuta wa kebini, viti vya kukunja na turubai juu, kila kitu na mkanda wake. Mitungi ya gesi husimama wima na hukaa nje kwenye shingo ya trela. Jerikeni ya petroli iwe mahali penye hewa, na kuijaza ni lazima uiteremshe chini. Ukiijazia juu ya plastiki iliyotandikwa nyuma ya pikapu, umeme tuli unaweza kuruka cheche na kuwasha mvuke wa petroli.

Ila jambo ambalo wauza masanduku na droo za kupangia hawalisemi ni hili: trela likishafungwa, mlango wa nyuma wa pikapu mara nyingi haufunguki wote. Unagonga jeki iliyosimama kwenye shingo. Sasa tairi la trela limepasuka saa tatu usiku, hakuna mtandao, na spana yako iko chini ya droo nzuri ya bei mbaya ambayo haivutiki. Kwa hiyo jeki, spana ya nati za trela (pima, huenda si saizi moja na za pikapu), kabari za magurudumu, taa na pampu ya hewa vyote hukaa pembeni, mahali pa kufikiwa kwa kunyoosha mkono juu ya ubavu wa gari. Ukishabadilisha tairi, simama tena baada ya kilomita 80 hivi ukaze nati upya.

Mpwa wangu aliye Mokowe, bara ng'ambo ya kisiwa cha Lamu, anataka kuvuta boti ya faiba kwa pikapu yake hadi Malindi, kupitia Witu na Garsen. Nimemwambia anitumie kwanza uzito wa boti pamoja na injini na mafuta yake, ndipo tuzungumze. Na vifaa vya tairi asivipange kama nilivyopanga mimi. Vyangu viko kulia, kwa sababu Marekani gari husimama pembeni upande wa kulia. Yeye aviweke kushoto, asije akachutama barabarani mabasi yakimpita mgongoni.