Paka wako anajua stima inakopotelea

Usiku wa Julai hapa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, paka hahitaji kuonyeshwa pa kulala. Atazunguka sebule mara moja, aruke juu ya kabati la TV, ajikunje juu ya dekoda. Mtoe, dakika tano hazijaisha amerudi. Kuna wanaosema anapenda kampani ya runinga, wengine wanasema ni kiburi tu. Ukweli ni kwamba anafuata joto. Mwili wa paka una nyuzi 38 hadi 39, na ili asitumie nguvu yoyote ya ziada kujipasha, anataka mahali penye nyuzi 30 hadi 38. Sebule ya Kiamunyi au Lanet saa tisa usiku haikaribii hapo. Juu ya dekoda panakaribia.

Swali zuri zaidi ni hili: kama ulizima kila kitu kabla ya kulala, hilo joto linatoka wapi?

Linatoka kwenye tokeni zako za stima. Ukizima dekoda kwa rimoti, mara nyingi unazima picha tu. Ndani bado inafanya kazi, ikisikiliza mawimbi na kungoja masasisho. Ruta ya intaneti ni vivyo hivyo. Wufa, yaani spika za muziki, ya bei nafuu yenye transfoma nzito nayo hubaki vuguvugu hata ukiinyamazisha, kwa sababu transfoma haijakatiwa stima. Tuseme dekoda yako inakula wati 10 ikiwa "imezimwa". Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, na kwa siku 30 ni wati-saa 7,200, yaani yuniti 7.2 (yuniti moja ni wati-saa 1,000). Gawanya pesa ulizolipa mara ya mwisho kwa yuniti ulizopewa, zidisha kwa 7.2, ndiyo kodi ya kitanda cha paka.

Usikubali makadirio yangu. Mita yako inaweza kukupa jibu lake. Nenda kwenye mita yenyewe, si kile kibodi cha kuingizia tokeni kilichoko ndani ya nyumba. Kwenye ploti nyingi za kupangisha mita zimepangwa kwenye sanduku moja karibu na geti, kwa hivyo hakikisha namba ya mita ni yako kabla ya kuanza kulaumu jirani. Utaona taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake maandishi kama 1000 imp/kWh, 1600 au 3200. Hiyo ni idadi ya kupepesa kwa kila yuniti moja. Zima taa zote, chomoa friji (ikiwaka katikati ya jaribio inaharibu hesabu), acha kwenye stima vile vitu ambavyo kwa kawaida huvichomoi usiku. Kisha hesabu sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata. Mita ya 1000, chukua 3,600 ugawanye kwa sekunde hizo. Ya 1600, chukua 2,250. Ya 3200, chukua 1,125. Jibu ni wati. Ukingoja sekunde 120 kwenye mita ya 1000, nyumba "iliyozimwa" inakula wati 30, na wati 30 mwezi mzima ni yuniti 21.6.

Baada ya hapo chomoa kimoja kimoja, urudie. Utashangaa chaja ya simu isiyo na simu haisogezi chochote cha maana: chaja nzuri iliyo tupu hula chini ya nusu wati. Wazazi wanaofokea watoto kwa sababu ya chaja huku wufa ikiwa vuguvugu mchana kutwa wanafukuza panya nyumba ikiungua.

Kumwachia paka dekoda pia kunaharibu dekoda. Manyoya yake huziba matundu ya hewa, na tumbo lake ni blanketi. Ndani mna kapasita, vikopo vidogo vyenye kimiminika, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, maisha ya kapasita hukatika nusu. Dekoda inayojizima na kujiwasha yenyewe, au inayong'ang'ania kwenye picha ya kwanza, ukiifungua mara nyingi utakuta kapasita mbili tatu zimevimba kichwa badala ya kuwa bapa. Fundi akibadilisha aweke za ujazo uleule, na volti zisizopungua zile za mwanzo. Na paka mwekee katoni yenye sweta kuukuu karibu na hapo, dekoda uiweke kwenye rafu ambayo juu yake pamebaki sentimita 10. Hewa itapita, paka hatapata nafasi nzuri ya kujikunja.

Kuna wakati paka anakodolea macho ekstensheni ukutani na masikio yameelekea mbele, na mtu mzima anaanza kufikiria majini. Sikio la binadamu kijana hufika kilohezi 20 (mitetemo 20,000 kwa sekunde) na hupungua na umri. Mbwa hufika 45 hivi, paka 64. Chaja hubadilisha volti 240 kwa kukata na kuunganisha stima makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na koili iliyofungwa ovyo hutetemeka na kulia. Wewe husikii, yeye anasikia. Chomoa chaja. Akiondoka, ilikuwa chaja. Akibaki palepale, nyuma ya kabati mna mjusi au panya, na yuko kazini. Chaja ambayo hata wewe unaisikia ikilia, itupe.

Januari na Februari mambo ni mengine. Upepo mkavu, vumbi jeupe, na ukimpapasa paka aliyelala kwenye blanketi la nailoni unasikia mlio mdogo kama wa kuvunja kijiti, naye anakukimbia. Msuguano umehamisha chaji, na hewa kavu haikuipa njia ya kutoroka. Cheche ya milimita moja inahitaji takriban volti 3,000. Haiui kwa sababu chaji yenyewe ni kidogo mno, inaisha kabla hujapepesa jicho. Ila paka huipokea puani, palipo na unyevu na ngozi nyembamba, ndiyo maana anaikumbuka. Lowesha viganja kidogo kabla ya kumgusa, au gusa kwanza kitasa cha chuma, na blanketi liwe la pamba.

Hizo ni stima zisizodhuru. Kuna moja inayoua, na mara nyingi mbwa ndiye anayeitambua kwanza.

Mbwa anayekunywa maji kwenye bomba la uani siku zote, kisha wiki moja anakataa kukaribia, au anaruka nyuma akilia mara tu ulimi unapogusa chuma, usimcheke. Ana nyayo nne tupu kwenye saruji iliyolowa. Wewe umevaa malapa ya mpira. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanalijua jambo hili kwa sura nyingine: ng'ombe anakataa beseni la chuma, au hatulii kukamuliwa, kwa volti mbili hadi nne tu ambazo mkono wa mkamuaji hausikii chochote.

Kwenye ploti, mshukiwa wa kwanza ni shawa ya umeme. Ndani yake koili ya kupasha iko uchi kwenye maji. Shawa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23, na maji yanagusana na waya yenye stima kila sekunde. Kinachokulinda ni waya ya athi, ile ya kijani na manjano, inayochukua kinachovuja na kukipeleka ardhini. Hapa Nakuru tuna tatizo la ziada: maji ya visima vya kuchimba katika sehemu nyingi yana chumvi na floridi nyingi (angalia meno ya waliokulia hapa), na maji ya chumvi hupitisha stima vizuri kuliko ya mvua. Ndiyo maana kuna shawa za aina ya maji ya chumvi ambazo koili yake imefunikwa. Ukitumia maji ya kisima, nunua hiyo.

Kasoro ninazozilaani zaidi ni mbili. Moja, fundi anaiacha athi ikining'inia nyuma ya shawa ati "inarusha breka". Breka inaruka kwa sababu kuna uvujaji. Ukikata athi hujaondoa uvujaji, umeuelekeza kwa anayeoga. Ya pili ni mbaya kuliko hiyo: athi inaungwa kwenye nyutro (waya inayorudisha stima) palepale kwenye shawa. Inafanya kazi vizuri mpaka siku nyutro itakapolegea, na siku hiyo chuma chote kilichounganishwa hapo kinakuwa na volti 240.

Kupima, tumia maltimita (kifaa cha kupima stima) kwenye volti za AC, kiwango cha juu kabisa. Pigilia msumari wa sentimita 15 kwenye udongo ulioloweshwa, mita mbili kutoka kwenye bomba. Ncha moja ya maltimita kwenye bomba, nyingine kwenye msumari, mikono yako kwenye plastiki tu. Mwambie mtu awashe shawa bila kuingia ndani ya maji, yaani maji yakimwagika tu. Sufuri au chini ya volti moja ni sawa. Ikipita tano, anza kutafuta: zima breka moja baada ya nyingine uone ipi inaiangusha. Mahali penye maji, volti 25 ni mwisho kabisa wa kuvumilia. Hapo funga meinswichi na usiguse tena. Ukizima nyumba yako yote na namba isishuke, huenda uvujaji unatoka kwa jirani kupitia bomba la pamoja, na itabidi kila mpangaji azime kwa zamu. Usiweke tarehe ya kikao, fanyeni jioni hiyo hiyo.

Marekebisho si ya kujifanyia. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya), na kagua mambo haya akiwa hapo: kebo ya shawa iwe ya milimita 6 za mraba (2.5 inaweza kupata moto kupita kiasi), swichi ya shawa ikate laivu (waya inayoleta stima) na nyutro zote mbili, na athi rodi, fimbo ya chuma ya athi, iwe imezama ardhini kweli. Rodi ya mita 1.2 iliyochomoza nusu kwenye udongo mkavu wa majivu ya volkano, Februari haifanyi kazi ya maana. Aongeze nyingine na kuziunga pamoja.

Kisha aweke breka ya uvujaji ya miliampea 30. Ina kitufe kilichoandikwa T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Kikiikata stima, rudisha swichi uendelee. Kisipoikata, oga kwa beseni mpaka ibadilishwe.